Niliona Haya Kutaja Chuchu

"Mtaje! Mama yako huyu hapa, kapanda basi kutoka Sitalike kwa ajili ya hilo tu. Mtaje huyo mwanamke asikie."

"Mama Kabula, punguza sauti."

"Nipunguze ya nini? Mtaa mzima wa Majengo unajua. Mtaje!"

Mume wangu Malale alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, mapaja wazi, kama mtu mwenye jipu. Katikati yetu, juu ya meza, lilikuwepo kopo la mafuta ya kukamulia. Lilikuwa limebaki robo.

Mama mkwe, Mama Nyanzala, akalichukua akalinusa.

"Haya si ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe, mama. Ni yangu ya kazini. Mwanao anayaiba kwenye mkoba wangu, anakwenda kumpaka mtu."

"Mayu we! Kumpaka wapi?"

"Muulize mwenyewe."

Kama ndiyo kwanza unaanza kuisoma safu yangu, habari zangu ni hizi. Mimi ni afisa mifugo, nina diploma yangu, nina watoto watatu, na mdomo wangu haujawahi kuniomba ruhusa. Kwetu ni Katumba, wazazi walitoka Burundi. Nimeolewa na Msukuma. Ng'ombe wa baba yake wako Sitalike, yeye ananunua mahindi hapa Mpanda mjini. Mwezi mzima Malale alikuwa ananigeuzia mgongo kitandani. Bafuni anajifungia kwa komeo. Mafuta yangu yanapungua. Nikajumlisha, nikapata mwanamke. Nikampigia mama mkwe simu. Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita.

"Malale," mama mkwe akasema taratibu, "kama ni mwanamke, sema ni mwanamke. Baba yako naye alinisumbua. Sikufa."

Malale akatazama dari. Akatazama kopo. Kisha akanitazama mimi, kwa macho ya mtu anayeomba msaada. Mimi nikayasoma kama macho ya mwizi.

"Mama," akasema, "nenda nje kidogo."

"Nimetoka Sitalike alfajiri, nimefika, naambiwa nenda nje?"

"Mama, nakuomba. Hili si la kusikia wewe."

Mama mkwe akainuka. Akatoka na kopo lake mkononi, kama ushahidi.

Malale akafunga mlango.

"Hakuna mwanamke."

"Kwa hiyo mafuta unajipaka wewe?" nikamkejeli.

Akainamisha kichwa.

"Malale?"

"Nafanya mazoezi."

"Mazoezi gani ya mafuta ya ng'ombe?"

"Ya kukuza."

"Kukuza nini? Mtaji?"

Hakucheka. Ndipo nikaelewa, na nikafanya jambo ambalo mpaka leo linaniunguza uso. Nilicheka. Nilicheka mpaka mama mkwe akagonga dirisha kuuliza kama tumeshapatana.

"Nani amekulalamikia?" nikamuuliza nilipopata pumzi. "Mimi?"

"Wewe hujasema kitu."

"Sasa?"

"Pale kwenye mizani ya mahindi vijana wanaongea siku nzima. Wana sauti moja kwenye simu, wote wanaifuata. Unasikiliza, unasikiliza, mwisho na wewe unajipima na maneno ya watu."

"Watu gani hao wamekuona?"

"Mama Kabula, basi."

Nikamwambia anionyeshe. Akageukia ukuta kwanza, mume wangu wa ndoa, baba wa watoto wangu. Kisha akanigeukia.

Kicheko kikanikauka. Nimeona majeraha mengi ya wanyama, sishtuki ovyo. Pale nilishtuka. Upande mmoja ulikuwa umevimba, umekuwa mweusi kwa damu iliyovilia.

"Hapa unasikia?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Ganzi tu."

"Na unaendelea?"

"Wanasema mwanzoni ndivyo ilivyo. Mwili unafunguka."

"Nani anasema?"

"Wanaojua."

"Vaa twende hospitali."

"Siendi. Nikavue suruali mbele ya vile vibinti? Halafu nikaeleze nini? Siendi, Mama Kabula. Hata ukileta mgambo."

"Nipe hiyo sauti niisikie."

Akasita, akatoa simu. Ukaanza muziki laini wa kucheza taratibu, halafu sauti ya msichana, nyembamba, ya haraka haraka, kama ya mtangazaji aliyevuta hewa ya baluni.

"Kitu unakipaka mafuta. Unakibana juu kabisa, kwenye shina, kwa gumba na kidole cha shahada, kama pete. Huachii. Unakivuta mpaka kwenye ncha. Unarudia. Asubuhi na jioni. Mnanielewa nyie? Ukifanya hivi kila siku kitu kinarefuka, mtaona wenyewe."

Na kwa nyuma: muuuu.

"Hiyo nini?" nikauliza.

"Ipi?"

"Hiyo muuu."

"Tarumbeta. Si muziki huo?"

"Rudisha."

Akarudisha. Haikuwa tarumbeta. Ilikuwa sauti ya Nyange, ng'ombe mweupe wa baba mkwe. Na yule msichana wa "mnanielewa nyie" nilimfahamu kuliko mtu yeyote duniani.

Alikuwa mimi.

Ngoja nieleze. Msimu wa mvua uliopita niliwafundisha vijana wa machunga kukamua, palepale kwa baba mkwe. Wengi wanakamua vibaya. Wanabana kwa vidole viwili na kuvuta. Chuchu inarefuka, inaumia ndani, mwisho inakufa, haitoi tena maziwa. Njia nzuri ni kubana kwa kiganja chote bila kuvuta. Nikaanza na kosa lao, ili walione. Nikasema, "Nyie wengi mnafanya hivi," nikaeleza. Kisha nikasema, "Kinarefuka, mtaona wenyewe, na mwisho kinakufa. Sasa acheni, fanyeni hivi."

Kijana mmoja aliomba kunirekodi ili wasisahau. Nikamruhusu. Aliyekuja kukata mwanzo na mwisho simjui. Alikata "nyie wengi mnafanya hivi." Alikata "na mwisho kinakufa." Katikati pakabaki kosa peke yake, limewekewa muziki na sauti imepandishwa mpaka mume wangu mwenyewe hanitambui.

Lakini "kitu" lilikuwa neno langu. Hakuna aliyelitia pale.

Mimi ambaye nimesimama mbele ya wakubwa wa idara nikataja sehemu zote za dume la ng'ombe bila kupepesa jicho! Siku ile baba mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anasikiliza. Kwao mkamwana ana mpaka wake. Hataji jina la baba mkwe, hapiti karibu yake, hatamki maneno ya mwili mbele yake. Nikaona haya kutaja chuchu. Kila nilipoifikia nikasema "kitu." Siku moja tu katika maisha yangu nimekuwa na adabu, na angalia ilichozaa.

"Vipi?" Malale akaniuliza. "Mbona umekodoa macho?"

"Hakuna."

Sikumwambia. Nikachukua kitenge changu nikatoka. Mama mkwe alikuwa kibarazani na kopo mapajani.

"Ni nani?" akauliza.

"Hakuna mwanamke, mama. Mwangalie, narudi."

Ningependa niwaambie kwamba nilikwenda kutafuta ukweli. Uongo. Nilimwacha mume wangu na uvimbe wake nikaenda kuchungulia kama jina langu limo.

Nikapanda bodaboda mpaka karibu na stesheni, kwenye kibanda cha Celestin, yule anayetengeneza simu na kuwarushia watu nyimbo. Alikuwa na rafiki yake Claude, wamekaa wanakula karanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nataka ile sauti ya mazoezi."

Wakatazamana.

"Ya mzee?" Celestin akauliza kwa heshima.

"Unadhani ya nani?"

"Hongera mama! Hao ndio wanawake wa kisasa. Dada Mkamuaji huyo, Mpanda yote wanaye."

"Ametoka wapi?"

"Arabuni. Hiyo siri ya masultani wa zamani."

"Acha kumdanganya mama," Claude akadakia. "Hiyo ya Kongo. Wavuvi wa ng'ambo ya ziwa ndio walioileta."

"Wewe juzi si ulisema Misri?"

"Ilipitia Misri."

"Nani ameipima?" nikauliza. "Daktari gani?"

"Mama, kitu cha asili hakipimwi."

"Na mlio wa ng'ombe?"

"Si ng'ombe huyo," Celestin akasema, tena kwa uhakika wote. "Ni pembe. Kule kwao wakitaka kuanza wanapuliza pembe."

Nyange, umekuwa pembe ya sultani.

"Na waliofanya, wote wazima?"

Claude akaacha kutafuna. Celestin akajigeuza kwenye kiti. Hapo ndipo nilipomwona vizuri: amekaa ukingoni, mapaja wazi.

"Celestin, na wewe?"

"Mama, chukua sauti uende."

"Umeumia?"

"Nimesema chukua uende." Kisha akanikazia macho. "Halafu wewe mama, sauti yako kama..."

"Kama nini?"

"Kama ya mwalimu wangu wa zamani. Basi tu."

Nikaondoka bila kusema. Nilikuwa na neno mdomoni, nikalimeza tena, mara ya pili. Mara ya kwanza nililimeza kwa adabu. Safari hii ilikuwa woga mtupu.

Nyumbani nikamkuta mama mkwe amesimama mlangoni mwa bafu.

"Kajifungia," akaninong'oneza. "Anaguna kama anayekata kuni."

Nikagonga.

"Malale, fungua."

"Niache."

"Unafanya nini?"

"Wanasema ukiacha njiani kinasinyaa, kinakuwa kidogo kuliko mwanzo. Bora nimalizie."

"Unajipaka nini? Kopo analo mama."

Nikasikia mfuniko wa chupa ukizungushwa.

"Malale, mafuta yangu ya kupikia yako wapi?"

Mfuniko ukaacha kuzunguka.

Nikajua kwamba nikimwita mume wangu kwa sauti ya mke, hatoki. Mke hamwamini. Anamwamini Dada. Nikasimama wima mbele ya mlango ule, mama mkwe ubavuni, nikatoa sauti yangu ya mafunzo, ile ya kufika mpaka nyuma ya zizi.

"Nyie wengi mnafanya hivi! Kitu unakipaka mafuta. Unakibana juu kabisa, kwenye shina, kwa gumba na kidole cha shahada, kama pete. Huachii. Unakivuta mpaka kwenye ncha. Unarudia. Asubuhi na jioni. Mnanielewa nyie? Ukifanya hivi kila siku kitu kinarefuka, mtaona wenyewe. Na mwisho kinakufa!"

Ndani kitu kikaanguka. Nadhani ni chupa.

Komeo likafunguka. Malale alikuwa amejifunga taulo, jasho linamtoka.

"Rudia hiyo ya mwisho."

"Mwisho kinakufa."

"Hiyo haimo kwenye simu."

"Waliikata. Malale, Dada ni mimi. Tarumbeta ni Nyange. Nilikuwa nafundisha kukamua ng'ombe, na nilikuwa nawaonyesha njia mbaya."

Akakaza fundo la taulo. Nilitamani anipige, anitukane, chochote.

"Ulijua tangu asubuhi?"

"Nilijua."

"Ukaondoka."

"Nikaondoka."

Hapo mama mkwe akadakia.

"Mimi nilikuwepo siku ile," akasema. "Nilikushangaa. Kitu, kitu, kitu. Kwa nini husemi chuchu kama watu? Hata mzee aliniuliza, 'Huyu mkamwana anasema kitu gani?'"

Nilitaka ardhi ya Majengo inimeze, pamoja na diploma yangu.

"Mpeleke mwanangu hospitali," mama mkwe akasema. "Haya yenu mtamalizia huko."

Safari hii Malale hakubisha. Tulikwenda kwa bajaji, yeye amelalia ubavu, mimi nimeshika vyuma. Kila shimo la barabara alilisikia yeye, na kila alipokunja uso nililisikia mimi.

Tabibu aliyetupokea anaitwa Egide, kijana wa kwetu Katumba. Alimwingiza Malale nyuma ya pazia, akakaa naye, akatoka ananawa mikono.

"Mishipa midogo imepasuka, damu imevilia ndani," akaniambia. "Aache kabisa kugusa. Nitampa dawa, na anatakiwa aonwe na daktari bingwa. Uvimbe utashuka. Ila kovu likibaki ndani linaweza kuvuta, pakapinda. Au pasifanye kazi kama zamani."

"Atapona?"

"Dada yangu, siwezi kukuahidi. Ganzi ndiyo inanitia wasiwasi."

"Hayo mazoezi yametoka wapi, Egide?"

"Kila mgonjwa anakuja na nchi yake. Arabuni, Kongo, Misri. Nimesoma nilichokipata, sijaona mwenye ushahidi wa yalikoanzia. Wala sijaona ushahidi wa kuaminika kwamba yanakuza. Kuumiza, hilo naliona kwa macho."

"Umesema kila mgonjwa?"

Akafungua mlango kidogo. Kwenye benchi la nje walikaa wanaume, mmoja mmoja, kila mtu anatazama upande wake. Wote mapaja wazi. Wa mwisho alikuwa ameshusha kofia mpaka puani. Karanga zilikuwa bado mfukoni mwa shati. Celestin.

"Nawaambia waache," Egide akasema, "wananiambia kuna dada mtaalamu kwenye simu. Mimi wananiona kijana tu, nawaonea wivu. Ningempata huyo dada!"

Nikaurudishia mlango.

"Umempata," nikasema. "Ni mimi."

Egide akaweka kalamu chini. Nikamweleza yote, mpaka kigoda cha baba mkwe. Hakucheka. Angecheka ningepumua.

"Basi waambie wewe," akasema. "Kwa sauti hiyohiyo. Leo, maana wengine wanaanza leo."

Nikatoa simu. Tuna kundi la wafugaji kwenye simu, nimelifungua mimi mwenyewe kwa mambo ya chanjo. Wamo vijana wa Sitalike, wamo wanunuzi wa mahindi, wamo mafundi simu. Yumo baba mkwe.

"Usithubutu," Malale akasema nyuma ya pazia.

Nikaingia. Alikuwa amelala chali, shuka limemfika kifuani.

"Malale, wako nje. Benchi zima."

"Ukisema sauti ni yako, watauliza ulijuaje. Watajua ni mimi. Nitasimamaje pale mizanini?"

"Nitasema ni mimi. Wewe sitakutaja."

"Una mume mwingine? Na baba yumo humo. Utatamka maneno hayo baba akisikia?"

"Nilipoogopa kuyatamka ndipo ulipoumia."

Akajiinua kwa kiwiko. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Joseline," akaniita. Hajaniita jina langu tangu Kabula azaliwe. "Ulinicheka, nikanyamaza. Ulijua, ukaniacha, nikanyamaza. Hili sitanyamaza. Ukituma, usirudi Majengo. Bajaji ikutoe hapa ikupeleke kwenu Katumba."

Alikuwa hatanii. Na hakuwa na kosa. Nimemwaibisha vya kutosha kwa siku moja.

Nje ya mlango Celestin alikohoa. Mtu mwingine akaguna akijigeuza kwenye benchi. Mlango wa mbele ukalia, akaingia mwingine, anatembea kwa tahadhari, miguu mbali mbali.

Nikaweka gumba kwenye alama ya kinasa sauti. Nikabana.

"Hapa ni Joseline, Mama Kabula, afisa mifugo. Yule mnayemwita Dada Mkamuaji ni mimi. Siku ile nilikuwa nafundisha kukamua ng'ombe, na nilikuwa nataja makosa yenu. Nilisema kitu. Nilimaanisha chuchu. Baba, nisamehe, chuchu. Chuchu ya ng'ombe. Ukiibana juu na kuivuta kila siku inarefuka, na mwisho inakufa. Hayo ndiyo waliyoyakata. Hakuna sultani wala pembe, yule ni Nyange. Aliyeanza, aache sasa hivi. Mwenye uvimbe, mwenye ganzi, mwenye damu, aje hospitali leo, asione haya. Haya zangu zimeshatosha kwa sisi sote. Mnanielewa nyie?"

Nikamaliza. Gumba bado limebana, sekunde zinahesabika kwenye kioo; nikiliachia tu, sauti inakwenda.

"Bado haijaenda," Malale akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, karibu ya kubembeleza. "Telezesha kidole, itafutika. Mama Kabula, mke wangu. Telezesha tu."

Nikamtazama. Nikautazama mlango.

Nikaachia.